Ami, Nichukue Trela Nane za Mifugo kwa Bei ya Jumla?

SWALI: Shikamoo Ami. Nina duka la spea Mariakani, karibu na soko la mifugo. Wachuuzi wa mbuzi na watu wa ranchi za upande wa Taita huniulizia trela ndogo za kuvutwa na pikapu. Nimepata muuzaji Marekani atakayenipa trela nane za futi 16 kwa jumla, robo nzima chini ya bei ya rejareja, mradi nitangulize nusu ya pesa. Mke wangu asema nisubiri. Nifanyeje?
Msomaji, Mariakani

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikize mkeo. Hiyo nusu usiitume.

Nimeuza trela Shimanzi miaka mingi, na nilishaungua papo hapo unapotaka kukanyaga. Nilileta sita kwa jumla kutoka huko huko. Zilishuka Kilindini zinameta. Mteja wa kwanza akaja na Hilux yenye tufe la kuvutia trela, la milimita 50, lile linalouzwa kila mahali hapa kwetu. Kikombe cha trela, kile kinachokaa juu ya tufe, kilikuwa cha inchi 2 na 5/16, karibu milimita 59. Kilikaa juu ya tufe kikichezacheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Ukivuta hivyo, shimo la kwanza tu trela inachomoka. Breki nazo zilikuwa za umeme, zinazotaka kisanduku cha kuziongoza ndani ya gari, na pikapu zetu hazina. Soketi za taa hazikuingiana. Nikabadilisha vikombe, nyaya na breki za zote sita, na faida yote ya jumla ikaishia mikononi mwa mafundi.

Halafu angalia nafasi. Trela ya mifugo ni sanduku la hewa. Ya futi 16, pamoja na mkono wake wa kuvutia, inafika mita 6 hivi. Kontena la futi 40 lina mita 12 ndani na upana wa mita 2.35. Zikija zimeungwa tayari haziingii zaidi ya mbili, tena huenda ukalazimika kung'oa magurudumu na madgadi. Nane si chini ya makontena manne. Nayo forodha huhesabu ushuru juu ya bei ya mali pamoja na nauli na bima, kisha inakuja VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo ile hewa utailipia nauli, na ile nauli utailipia ushuru.

Ningekuwa wewe, ningeagiza kwa jumla vile ambavyo mafundi wetu hawaundi: ekseli, springi, vikombe vya milimita 50, na breki zinazojifunga zenyewe trela inaposukuma gari kwa nyuma. Kontena moja linabeba seti nyingi. Habu, vile vitovu vya kufungia magurudumu, ziwe za nati sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, kama la Hilux. Mteja akipata pancha Voi atafunga gurudumu la akiba la gari lake, mradi tairi liwe la kubeba uzito huo. Bodi ichomelewe hapa, na fremu itumbukizwe kwenye zinki, rangi pekee haitoshi. Mkojo wa ng'ombe ukikutana na chumvi ya bahari, chuma hakina muda.

Sasa mlango wa nyuma, ule unaolala ukawa ngazi. Hapo ndipo nakuomba usimame. Siku moja hapo hapo sokoni kwenu nilimwona mtamba akishushwa. Kati ya ngazi na sakafu palikuwa na pengo la vidole vitatu. Kwato ya mbele ikazama, mnyama akajirusha ajinasue, nikasikia mfupa. Alichinjwa pale pale. Trela ile nilikuwa nimeiuza mimi. Tangu hapo hakuna trela inayotoka kwangu kabla sijapitisha mkono kwenye pengo lile. Kidole kimoja kikiingia, inarudi kwa fundi.

Uzito pia uwaambie wateja. Sakafu ya mita 4.9 kwa 1.8 inachukua mbuzi 25 wa kilo 40 bila kukanyagana. Kwa ng'ombe, nafasi inadanganya: watano wa kilo 350 ni kilo 1,750, na trela yenyewe haikosi tani moja. Wapige hesabu ya nguvu za pikapu yao kwanza, na waweke kizuizi katikati ili wanyama wasirundikane nyuma kwenye mlima.

Lakini anza na moja ya kuundwa hapa. Iandikishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ipate namba yake inayoanza na Z, kisha mpe mchuuzi unayemwamini aende nayo Mombasa na kurudi mwezi mzima. Ikirudi, ingia chini yake na tochi, uangalie springi na kila mahali palipochomelewa, uniandikie ulichokiona kabla hujaagiza hata nati kwa jumla.