Maji ya chumvi na maji safi: maswali yenu

Hapa "maji safi" ni maji matupu yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kukamata mvuke na kuugeuza maji tena. Maji ya bomba au ya kisima yana madini yake, na majaribio mengi ya nyumbani huharibikia hapo.

Nilitia vijiko viwili vya chumvi kwenye jagi la maji, yai likazama vilevile. Nilikosea wapi?

Chumvi haikutosha. Lita ya maji safi ina uzito wa kilo 1. Ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, inafika kilo 1.025 tu. Yai bichi lililotagwa karibuni ni zito kuliko maji hayo yote mawili kwa ujazo uleule, kwa hiyo hata baharini lingezama.

Achana na vijiko, tumia mizani. Kwenye lita moja ya maji tia gramu 25, koroga mpaka punje ziishe kabisa, lishushe yai polepole. Likizama, litoe, ongeza gramu 25 nyingine. Kati ya gramu 100 na 150, upande wake butu, wenye kifuko cha hewa, utaanza kuchungulia juu. Chumvi iliyolala chini ya chombo haihesabiki. Ni ile iliyoyeyuka tu inayoyapa maji uzito. Na usitumie yai la siku nyingi: hewa imeshajaa ndani, linaweza kuelea hata kwenye maji matupu, ukadhani umefaulu.

Likishaelea, bakiza nusu chombo, kisha mimina maji matupu taratibu sana juu ya mgongo wa kijiko kinachogusa uso wa maji. Maji mepesi yatakaa juu ya mazito, na yai litaning'inia katikati. Ukikoroga tu, mchezo umekwisha.

Nikichemsha maji ya bahari sana, chumvi haitaisha?

Itazidi. Kinachoondoka ni maji. Lita yenye gramu 35 ikikauka hadi nusu lita, gramu ni zilezile 35, kwa hiyo ukali umekuwa maradufu. Ukitaka maji matamu, kamata mvuke: inamisha mfuniko, weka barafu juu yake, kinga matone kwa bakuli safi. Moto uwe wa wastani. Maji yakitokota kwa fujo, yatarusha matone ya chumvi hadi kwenye bakuli, nawe utalaumu njia bure.

Ni kweli maji safi hayapitishi umeme?

Hupitisha, ila kidogo mno. Ya bahari hupitisha karibu mara milioni zaidi. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi, nazo ndizo zinazobeba umeme. Kwa jaribio, betri ya volti 9 na taa ndogo ya LED yenye kizuizi chake cha umeme (rezista) vinatosha. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa. Usiache saa nzima pia: kwenye waya wa chanya huweza kutoka klorini, na harufu yake kali ni ishara ya kuzima na kufungua madirisha.

Kwa nini maji ya bahari hayakati kiu?

Chumvi yake ni karibu mara nne ya maji ya chumvi ya hospitali, ambayo yana gramu 9 kwa lita ili yalingane na damu. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kama bahari, kwa hiyo ili kuitoa yote hutumia maji mengi kuliko uliyokunywa.

Chumvi ya kupikia huchelewesha maji kuchemka?

Gramu 10 kwa lita hupandisha kiwango cha kuchemka kwa chini ya nyuzi 0.2. Hutaona tofauti.

Na kuganda?

Maji ya bahari huanza kuganda kwenye nyuzi -1.9 hivi. Barafu inapojijenga huisukuma chumvi nje, kwa hiyo yakiganda nusu, mwaga yaliyobaki, suuza barafu haraka kwa maji matupu ya baridi, kisha iyeyushe uonje: chumvi itakuwa imepungua sana, ingawa ile iliyonaswa katika vijishimo vya barafu bado utaihisi.