Miguu iko Koh Ker

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama uikubali kazi ya kutunza sanamu za mawe za Wakhmer, watu wa Kamboja, kwenye makumbusho hayo ya Ulaya. Mshahara umeueleza, hata baridi umeitaja. Hukuniambia sanamu zenyewe zilifikaje huko.

Marehemu baba yako unamjua alivyokuwa akikiona kitu kilichochongwa. Safari ile tuliyokuja kukutembelea ukawa na mtihani, tuliingia makumbusho fulani. Akasimama mbele ya shujaa wa jiwe la mchanga, mikunjo ya nguo imekatwa kiunoni kwa wembamba ambao yeye, fundi wa milango, alisema hajawahi kuupata hata kwenye mti. Sanamu iliishia vifundoni. Akamwuliza mwongozaji: "Miguu yake iko wapi?" Watu wakacheka, yule dada akaendelea na maelezo yake. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo, maana lile lilikuwa swali la fundi.

Na lina jibu. Koh Ker ulikuwa mji mkuu wa Wakhmer katika karne ya 10, enzi za mfalme Jayavarman IV. Huko mafundi walithubutu kuchonga miili ikiwa katikati ya pambano, imesimama peke yake bila ukuta wa kuegemea. Katika hekalu la Prasat Chen, sanamu za Bhima na Duryodhana, mahasimu wa Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindu, zilikuwa zimekabiliana. Wezi waliwakata vifundoni, nyayo zikabaki zimeshikamana na mawe ya chini zilipokuwa zimesimama. Hiyo miguu iliyobaki hekaluni ndiyo iliyoonyesha sanamu zilikotoka, ikawaumbua wanunuzi! Mwaka 2013 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalirudisha Kamboja sanamu mbili za waliopiga magoti. 2014 wakarudi Duryodhana na Bhima. Baba yako alikuwa ameshatutoka.

Mjomba wako atasema zingebaki Kamboja, vita ya huko ya miaka ya 1970 ingezimaliza zote. Hapo nami husita, vita ile haikuwa na huruma. Lakini aliyeshika msumeno hakuwa akiokoa kitu. Nimesema miaka yote: sanamu ya hekalu ni ya hekalu. Ingawa, wasipoajiri mtu kama wewe, nani atawauliza maswali haya akiwa ndani?

Sikuamulii, u mtu mzima. Ila kabla hujatia saini, omba hati za kila sanamu: ilitoka hekalu gani, lini, ikapitia mikono ya nani. Wakisita kukuonyesha, nipigie siku hiyohiyo, maana hapo sitaweza kunyamaza.

Mama yako