Kabla hujakodi fremu: kwa anayetaka kula kwa cherehani hapa Dar

Ujumbe ninaoletewa zaidi kwenye simu unafanana. "Dada, nina milioni mbili na nusu, nataka kufungua duka la mitindo Sinza, nianzie wapi?" Ukimdadisi kidogo unakuta jina la duka lipo, nembo imechorwa, na dalali ameshamzungusha kwenye fremu mbili tatu. Kisichokuwepo ni nguo. Jibu langu huwa lile lile: mdogo wangu, fremu iache kwanza. Nimekulia Temeke, nimeanza kushona kwenye baraza la shangazi yangu, leo nina karakana na mafundi wenye familia zinazokula hapo, na miaka yote hii nimeona waliomalizwa na pango wengi kuliko waliokosa wateja.

Chukua karatasi tupige hesabu. Tuseme unashona gauni la kitenge lenye bitana. Kitenge cha yadi sita umenunua 25,000, gauni likala yadi tatu: 12,500. Bitana yadi mbili, 6,000. Zipu 1,000, uzi na vifungo 1,000. Fundi 12,000. Umeme, pasi na mfuko wa kumfungia mteja, weka 2,000. Nauli ya Kariakoo kwenda na kurudi, ukiigawa kwenye nguo za safari ile, 1,500. Jumla 36,000. Wewe unaliuza 40,000 na jioni unajisifu umepata 27,500, kwa sababu kichwani ulitoa kitenge peke yake. Faida yako ni 4,000.

Sasa lete ile fremu ya laki tatu kwa mwezi. Ili ulipe pango tu, kabla hujanunua hata unga wa nyumbani, inabidi uuze magauni 75. Ni karibu matatu kila siku ya kazi, mwezi mzima, bila mteja kukopa, bila umeme kukatika, bila fundi kufiwa. Na mwenye nyumba hataki ya mwezi, anataka ya miezi sita kwa mpigo, dalali naye anadai mwezi wake. Milioni mbili na laki moja imeondoka. Umebaki na laki nne za kujaza duka, ndiyo maana barabarani unaona fremu zenye taa nzuri, masanamu mawili yamevaa, na nyuma yake henga tupu.

Bei zangu zinaweza zisiwe zako, weka za kwako. Ninachotaka ujue ni gauni moja linakugharimu nini hadi shilingi ya mwisho ya uzi.

Basi uanzie wapi? Mimi nilianzia kwenye mitumba, na ningekuwa naanza leo ningeanzia huko huko. Sisemi kuuza, nasema kupunguza. Dar inavaa mitumba. Nenda Karume pale Ilala asubuhi marobota yakifunguliwa, uone mabinti wa ofisini wanavyogombea blauzi. Nguo zile nyingi zilishonewa mtu wa nchi nyingine, mwenye kiuno kingine na urefu mwingine. Suruali inabana nyonga halafu inapwaya kiunoni, mikono ya koti inameza vidole. Kila nguo ya namna hiyo ni kazi ya fundi, na kazi yenyewe haikudai ununue kitambaa. Cherehani, uzi wa rangi mbalimbali, zipu, mkasi unaokata, basi. Mteja anachukua nguo yake na kulipa hapo hapo. Cherehani ya shangazi, Butterfly ya miguu, ililisha nyumba nzima kwa kupunguza suruali, na siku za mgao wa umeme ndiyo tulipata kazi zaidi, maana wenye mashine za umeme walikuwa wamekaa kimya.

Kuna faida nyingine ambayo hulipii ada. Ukifumua koti la suti lililoshonwa vizuri unaona mambo ambayo kwa nje hayaonekani: bitana ilivyoachiwa mkunjo mgongoni ili mtu akinyoosha mkono isichanike, kitambaa kigumu kilivyolazwa ndani ya kola, akiba iliyoachwa pembeni mwa mshono ili nguo iweze kuongezwa mwenye nayo akinenepa. Nilikuwa nafumua, nachora kwenye daftari, narudishia. VETA wana kozi ya ushonaji na ni nzuri, nimeajiri waliotoka huko na wanajua kuchora patani kuliko mimi. Lakini aliyewahi kufumua nguo za watu ana jicho jingine kabisa. (Fumua mchana. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi usiku unakata kitambaa badala ya uzi.)

Ukishazoeleka mtaani, wateja wa kupunguza watakuletea vitenge wenyewe, na baadaye watakutuma ukawanunulie. Hapo ndipo Mtaa wa Uhuru unapoingia. Wauzaji wa pale watakuita dada, mama, bosi, yote kwa pumzi moja. Wewe angalia kitambaa. Kigeuze. Wax nzuri ina rangi karibu sawa pande zote mbili, iliyochapwa upande mmoja imefifia nyuma. Lowesha kitambaa cheupe, sugua pembe, uone kama rangi inatoka. Kisha chomoa nyuzi chache uziwashe kiberiti nje ya duka: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi, poliesta inayeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Muuzaji akikukatalia nyuzi tatu za pembeni, ameshakujibu. Nyumbani kiloweke usiku kucha, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Pamba hurudi, na ikirudia mwilini mwa mteja baada ya kufua mara ya kwanza, lawama ni ya fundi. Hakuna anayemlaumu mwenye duka.

Jambo moja kuhusu bei ya kitambaa. Tunalima pamba Shinyanga na Simiyu, na kiwanda cha Urafiki tulijengewa kwa msaada wa China tangu 1968, lakini sehemu kubwa ya vitenge ninavyokata vimeshuka bandarini kwenye kontena. Dola ikipanda, Kariakoo inapanda wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo bei ninayomwandikia mteja huwa na mwisho wake: siku saba. Akija na kianzio baada ya hapo tunahesabu upya, na nimemwambia hivyo tangu mwanzo, hakuna kununiana.

Pesa kubwa ya kwanza kwa fundi wa Dar ni sare. Sendofu, kicheni pati, arobaini, kwaya, vikoba vya kina mama. Kamati moja inakuletea kazi ya watu 30 kwa siku moja, na inaweza kukuinua au kukutia kwenye deni. Kamati inunue au ilipie kitambaa chote kwa wakati mmoja, kutoka duka moja, na uongeze kidogo cha akiba. Ukirudi wiki ya pili kufuata yadi kumi zilizopungua utakuta ua ni lile lile lakini rangi imekoza, au kimekwisha kabisa, na picha za harusi hazisahau. Zungumza na mtu mmoja tu, mweka hazina. Wajumbe wote 30 wana namba yako na kila mmoja ana shingo yake ya gauni, wewe jibu kwa upole, "Naomba umwambie mama mweka hazina aniandikie." Kianzio kifike angalau gharama zako zote, siyo nusu ya bei kwa sababu watu wamezoea kusema nusu. Kwenye lile gauni letu la 40,000, nusu ni 20,000 na gharama ni 36,000; ukikubali nusu umewakopesha 16,000 kila kichwa, mara 30, karibu laki tano. Hela hiyo utaitoa wapi? Wengi huitoa kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, wanashona wiki tatu kumlipa mkopeshaji. Na nguo haitoki kabla ya kumaliziwa, hata kama mteja ni dada wa tumbo moja. Siku ya harusi kila mtu ana haraka, kesho yake hakuna anayepokea simu.

Sasa tarehe. Fundi hapa mjini tunasifika kwa neno moja, "njoo kesho", na sifa hiyo tumeipata kwa haki. Mimi naona ni bahati kwa anayeanza. Huna haja ya kushona kuliko wote wa Kinondoni, toa nguo siku uliyosema na utashangaa kazi zinavyokuja. Ninavyofanya: fundi namwandikia tarehe ya siku tatu kabla ya tarehe ya mteja. Mteja anakuja kujaribu wiki moja kabla, nguo ikiwa imeshikizwa tu. Kazi za Idi sipokei baada ya katikati ya Ramadhani, kwa kuwa mwezi ukiandama jioni, asubuhi watu wanavaa, hakuna cha kuongeza siku. Za Krismasi nafunga mwanzoni mwa Desemba. Kukataa kazi ya watu kunauma, hasa ukiwa na ada za watoto Januari, lakini mteja niliyemkatalia kwa heshima hurudi, niliyemharibia sikukuu harudi na anaondoka na ukoo wake.

Kuna pia mteja wa picha. Anafungua simu, anakuonyesha mwanamitindo mrefu mwembamba ndani ya hariri, mkononi ana kitenge kigumu na anataka kiteremke vile vile. Usimcheke na usimwitikie. Chukua kitambaa chake, kikunje begani mwake mbele ya kioo, mwonyeshe kinavyosimama. Akiona kwa macho yake atachagua mshono mwingine, na wewe hukumwambia neno lolote kuhusu mwili wake.

Mafundi: lipa kwa kipande kazi za haraka kama sare, lipa kwa siku kazi zinazotaka utulivu kama gauni la bibi harusi, maana anayelipwa kwa kipande hatafumua alipokosea. Jumamosi jioni mkono wa fundi usirudi mtupu. Zaidi ya hapo sina la kusema, watu ni watu.

Karatasi usizipitishie mtu wa njiani, nenda mwenyewe. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya TRA, jina la biashara BRELA wanaosajili biashara, leseni ya manispaa. Watu hudhani jina la biashara linawalinda, kumbe linalokulinda mtu asibandike lebo yako kwenye nguo zake ni alama ya biashara, ombi lingine kabisa hapo hapo BRELA. Ikisajiliwa inadumu miaka saba, kisha unahuisha kwa miaka kumi kumi, na ni ya Bara tu. Ukiuza Zanzibar unasajili kule pia. Ukihitaji mkopo, kabla ya kausha damu ulizia halmashauri: asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Foleni ni ndefu, fomu nyingi. Riba sifuri inastahili foleni.

Vijana wakizungumzia mitindo hunitajia Mustafa Hassanali, na ni haki yake: alisomea udaktari, akaingia kwenye ubunifu, na mwaka 2008 akaanzisha Swahili Fashion Week. Wao wanaona jukwaa na taa. Mimi naona mtu aliyetambua kwamba wabunifu tulikosa mahali pa kuonekana na wanunuzi, akapatengeneza. Kupanda jukwaani nakushauri, ukiwa tayari kwa swali la baadaye. Mwenye duka akipenda gauni lako hatakuuliza ulipata wapi wazo. Atauliza, "Unaweza kuniletea 20, saizi nne, kwa bei gani ya jumla?" Mwenye duka naye ana pango lake, atataka apate faida juu ya bei yako. Gauni linalokuachia 4,000 halina nafasi ya mtu wa pili. Inabidi upandishe bei, au ukate nguo kumi kwa pamoja ili kitambaa kisipotee na fundi aende haraka, au uache bitana uchague kitambaa kisichoihitaji. Hiyo nayo ni ubunifu, ingawa haina makofi.

Na fremu? Kodi siku ambayo kazi zilizoshikiliwa kwa kianzio, ukiondoa gharama zote za lile karatasi letu, zinalipa pango la mwezi hata asipoingia mpita njia. Usianze na barabara kuu, wateja wako wa baraza watakufuata hata uchochoroni. Kabla ya kusaini uliza choo kiko wapi, nani anabeba kodi ya zuio, yaani asilimia 10 ya pango inayokatwa na kupelekwa TRA, maana TRA itaitafuta kwako mpangaji, na mita ya LUKU kama ni yako peke yako. Ukishirikiana mita na saluni, pasi yako na vikaushio vyao vitawagombanisha kabla mwezi haujaisha.