Petroli iliyolala: maswali ya mashine baada ya kusi

Kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka, likianza kulegea tu, mimi nikifungua duka asubuhi hapa Langoni, mjini Amu (Lamu), nakuta mashine zimelazwa mlangoni kama wagonjwa wa kungoja daktari. Boti, jenereta, za kukata nyasi, zote ugonjwa mmoja, petroli iliyolala ndani. Maswali yalikuwa mengi na mengine yafanana kabisa, haya ndo nimeyachagua.

Salaam aleikum fundi. Niko Shela, mashine ya boti hospawa 15 tu-stroku ilikaa tangu mwezi wa tano. Yawaka nikivuta choki, nikiirudisha tu yazima. Plagi nimebadilisha mara mbili. Nimeambiwa kabureta imekufa ninunue mpya, ni kweli?

Waaleikum salaam ndugu yangu, usinunue kitu kwanza. Hizo plagi pole, pesa imeenda bure, maana mashine ikiwaka kwa choki ujue moto upo, kinachokosekana ni petroli. Choki yabana hewa ili petroli ivutwe kwa nguvu, sasa ukiirudisha hewa yaingia tele na petroli yaja matone, kwa nini? Jeti imeziba, kile kipande kidogo cha kabureta chenye tundu jembamba la kupitishia petroli. Petroli si kitu kimoja bana, ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito, na kile kikombe cha chini ya kabureta kina njia ya kupumulia, kwa hiyo ile myepesi inayoshika moto haraka yaruka yaenda zake, iliyobaki yaganda polepole mpaka yawa ulimbo, rangi kama chai ya rangi iliyokaukia kikombeni. Na yako ni tu-stroku, oili yachanganywa ndani ya petroli, ndo mbaya zaidi, petroli ikiruka oili haina pa kwenda, yabaki imelala pale chini.

Toa kikombe, toa jeti kwa bisbisi inayokaa sawasawa (ukiharibu mtaro wa jeti utanililia mimi), puliza dawa ya kopo ya kabureta, iache ilowe, puliza tena na upepo. Shika jeti uitazame juani, lazima uone tundu la mviringo safi. Usichokoe na waya wa chuma wala pini ya bi mkubwa, jeti ni shaba, ni laini, ukilipanua tundu hata unywele mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi na hapo ndo utanunua kabureta kweli. Mimi nachokolea mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba, na Amu hatukosi mshipi.

Jingine, ukimaliza usirudishe petroli ile ile ya mwezi wa tano, wako watu hufanya hivyo walahi, halafu wasema fundi hajui kazi. Mwaga ya tangini yote. Itie kwenye chupa inayoona ndani uiache kidogo, kama kuna maji utaona mstari, maji chini petroli juu, na mpira wa tangi wanyonya wapi? Chini. Tangi likiwa nusu muda wote huo na hewa yetu hii ya bahari, umande huingia ndani ukawa maji. Halafu kabla hujavuka kwenda Manda na wageni hakikisha umelegeza kile kishimo cha hewa juu ya kifuniko cha tangi, kikifungwa mashine yenda dakika chache yafa, na mtu huanza kulaumu kabureta iliyosafishwa jana.

Fundi jenereta yangu hapa Matondoni yapanda yashuka, yapanda yashuka, taa nazo zafuata. Ilikaa miezi minne.

Ni jeti ile ile, ila kwako ni ile ndogo ya mlio wa chini, tundu lake ni dogo kupita kiasi ndo huziba ya kwanza. Mashine yakosa petroli yashuka, gavana, kile kinachoshika mwendo wa mashine, yaifungulia yapanda, yakosa tena. Safisha. Ukisafisha na bado, angalia gasketi kati ya kabureta na injini, ikipasuka yavuta hewa ya wizi na mlio ni huo huo.

Yangu petroli yachuruzika kwa kabureta hata ikiwa imezimwa, na oili naona imepanda wakati sijaongeza. Ni baraka ama?

Haha, si baraka mzee wangu, na USIIWASHE. Ndani ya kile kikombe mna boya, mafundi waita floti, petroli ikijaa boya lapanda na kusukuma sindano izibe njia. Ulimbo ukishika sindano haizibi, petroli yafurika, nyingine yamwagika nje, nyingine yapita kwenye silinda yashuka kwenye oili. Oili yenye petroli ni maji tu, haitelezeshi kitu, utaua injini kwa dakika chache na ukiwa na bahati mbaya utawasha nyumba. Funga koki sasa hivi, itoe nje penye upepo, nusa kijiti cha oili utaamini. Safisha sindano na kikalio chake, ncha ikiwa na alama ya kuliwa badilisha, mwaga oili yote weka mpya.

Nina mtungi wa lita 20 wa petroli hapa Faza tangu mwaka jana. Nitupe?

Nusa kwanza. Petroli mzima yapiga pua kali, iliyolala yanuka kama vanishi ya kupakia mlango. Kama rangi bado safi na haina maji, changanya kidogo kidogo na mpya, lita moja ya zamani kwa tano au sita za mpya, utumie kwenye jenereta ya foo-stroku, ile isiyochanganywa oili na petroli. Boti usijaribu, mashine ikizima njiani na maji ya bahari yatoka hakuna kituo cha kushuka. Ikiwa imegeuka rangi, mpe fundi wa kuoshea vyuma, na baharini usimwage, samaki hao ni wa kwetu.

Mimi ni dada kutoka Hindi, huku Lamu bara, nina mashine ya kukata nyasi ya begani. Kile kipira cha kubonyeza chavuta petroli lakini haiwaki.

Dada yangu, ya kwako haina kikombe wala boya, ina karatasi ya mpira ndani inayocheza ndo yapiga petroli. Ikikaa na petroli yakauka yawa ngumu kama ngozi ya ngoma, na hapo kusafisha hakusaidii, nunua kiti (seti ya vipuri) ya kabureta na mipira ya mafuta, bei si kubwa. Mchanganyiko fuata kitabu chake, kama ni petroli 50 kwa oili 1 basi lita 5 yataka oili mililita 100, usikisie kwa kifuniko cha soda.

Mashine nisiyoitumia, nikiiwasha kila wiki dakika mbili haitoshi?

Haitoshi, dakika mbili haijapata moto hata, wazidi kuitia unyevu. Ipe robo saa na mzigo juu yake, au ikiwa hutaitumia mwezi mzima funga koki, iache iendelee mpaka izime yenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe umwage kilichobaki. Ya boti chomoa mpira wa tangi ikiwa ndani ya pipa la maji matamu, pipa ni lazima, ile pampu ya maji ya mpira yaungua ikizunguka kavu. Nasema haya na mimi mwenyewe mwaka mmoja niliacha jenereta yangu na petroli kusi zima, stima ikapotea wageni wamejaa ukumbini, nikavuta kamba mpaka bega likavimba na mke wangu akaleta taa ya chemni bila kusema neno. Eti fundi.

Mkija dukani njooni na kabureta peke yake kama mwaweza kuitoa, punda wa kubeba mashine nzima analipwa zaidi kuliko mimi.