Kabla hujakata balsa, nunua mizani

Juzi kijana mmoja wa Mbale alinitumia ujumbe kwenye simu. "Kaka, habari ya kazi. Nimeona video ya helikopta yako ndogo ya rimoti ikipaa. Nami nataka kujenga yangu kwa mbao. Nina laki tatu na nusu. Nianzie wapi?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Laki tatu na nusu ndiyo niliyokuwa nayo mimi nilipoanza, na swali hilohilo nilimpelekea mtu mmoja hapa Jinja ambaye alikuwa anarusha ndege ndogo za rimoti. Alinitazama viatu kwanza. Kisha akaniambia michezo hii ina wenyewe. Sijamsahau, na sitaki kijana huyu anikumbuke mimi hivyo. Basi nimjibu hapa, na wewe mwenye hamu kama yake usome pembeni.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa makanika wa jeshi, Kiswahili nilikua nacho kwenye mabati ya kambi, na kila helikopta ikipita tulikuwa tunakimbia nayo mpaka kwenye ua wa waya. Nilipopata kazi ya kutengeneza simu mjini, jambo la kwanza nililolitaka halikuwa pikipiki. Nilitaka Bell 206, ile JetRanger yenye tumbo kama samaki na mapanga mawili tu juu. Ya kweli iliruka mara ya kwanza Januari 1966, na mapanga yake yanazunguka duara lenye upana wa mita 10.16. Makanika, yaani mota, gia na mapanga, niliyoyapata mimi, mitumba, yalikuwa ya saizi wanayoiita 450, yenye duara la sentimita 71 hivi. Gawanya mwenyewe: inatoka moja kwa kumi na nne na kidogo. Hiyo ndiyo skeli yangu, na sikuichagua. Ilichaguliwa na mapanga. Wewe pia anza na makanika uliyoyapata, ndipo uchore mwili wa kuyavaa. Anayejenga mwili kwanza atatafuta makanika ya kuingia humo mpaka mvi zimtoke.

Makanika yenyewe yalimaliza pesa yote na deni juu. Hapo sisimulii. Ilikuwa miezi ya kula rolex, chapati ya kukunjia yai, mchana na usiku.

Ramani niliichapisha Nasser Road, Kampala, kwenye karatasi ndefu kama kitambaa cha meza. Balsa, mbao nyepesi sana ya kujengea ndege ndogo, ndiyo ilinitesa. Mti huu hutoka Amerika ya Kusini, hasa Ekuado, na dukani kwetu ukiutaja wanakuuliza kama ni dawa. Shemeji yangu aliniletea kutoka Nairobi, mbao kumi na nne za urefu wa mita moja na upana wa sentimita 10, akazilaza kwenye buti ya basi. Juu yake mtu akaweka gunia la vitunguu. Zilifika nane. Nilimshukuru, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani nikazitazama zile sita zilizovunjika kama mtu anayetazama maiti.

Wakati nangoja nyingine nilijaribu mti wetu. Pembeni mwa Ziwa Viktoria kuna kijiti kinachoota majini, chepesi ajabu, ambacho wavuvi hukitumia kwa maboya. Nilikwenda Masese nikapewa kipande bure. Kwa uzito hakina mpinzani, lakini kina ulaini wa mkate: wembe unakirarua badala ya kukikata, na pini haishiki. Nilikitumia kwa kujazia pua tu. Kama una subira kuliko mimi, jaribu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa langu kubwa lilipozaliwa. Balsa si balsa tu. Ubao wa kipimo nilichokutajia, unene wa milimita 2, unaweza kuwa gramu 20, na jirani yake aliyetoka kwenye furushi lilelile akawa gramu 45. Kwa macho ni mapacha. Mimi sikuwa na mizani. Nilikuwa nachukua ubao wowote uliokuwa juu. Kumbe ule mzito, mgumu, mzuri wa kushikika, ndio niliouweka mkiani, kwa sababu niliona mkia ni mwembamba na unahitaji nguvu.

Kujenga kwenyewe ni raha. Unakata uti wa mgongo, unasimamisha fremu za plaiwudi ya milimita 2, za kwangu zilikuwa tisa, kisha unazivisha vipande vyembamba vya balsa kimoja kimoja kama anayesuka kapu. Kipande unakiloweka maji ya moto dakika ishirini kinakuwa kama tambi, unakipinda, unakibana kwa pini na vibanio vya nguo mpaka kikauke, ndipo unatia gundi. Chumba kikinuka mti uliolowa, redio ikiwa chini, saa nne za usiku zinapita hujui. Mama watoto aliamua vibanio vyote vya nyumba hii ni vyangu na akanunua vyake akavificha.

Lakini mimi nilikuwa na haraka. Nilivisha upande wa kushoto wote, nikalala, kesho yake nikaanza wa kulia. Mwili ulikuwa umeshajikunja. Gundi ikikauka inavuta, na upande mmoja ukivuta peke yake fremu zinafuata. Ukiisimamisha mbele yako helikopta ilikuwa na umbo la ndizi. Na si bogoya, ile ndizi ya kula mbivu, ni ile ya matoke kabisa. Nilivunja nusu yake nikarudia. Kwa hiyo: kipande kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja kushoto, kimoja kulia. Usinichoke, nitalisema tena.

Baada ya msasa nikapaka rangi. Bluu na nyeupe, matabaka matano, na kila tabaka nikasema hili la mwisho. Ilingʼaa. Watu walikuwa wanasimama dirishani. Ndipo nikaipeleka kwenye maonyesho ya wabunifu, mahali sitapataja, kwa nauli yangu, nimeifunga kwenye blanketi la mwanangu. Jaji mmoja alifika mezani, akaigonga kwa kifundo cha kidole, tena mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Ubavu ukapasuka. Hakuomba radhi. Akauliza, "Ni mbao kweli? Na inasaidia nini?" Nilitaka kumwambia kwamba Waingereza walipigana vita kuu ya pili kwa ndege ya Mosquito, ambayo mwili wake ulikuwa balsa katikati ya plaiwudi. Nilitaka kumwambia mengi. Nilisema, "Inapaa, mzee." Naye akasema, "Tuone." Tulikuwa ndani ya ukumbi.

Zawadi ilikwenda kwa jiko la makaa ya taka. Ni jiko zuri, sikatai. Ninalo nyumbani hata leo.

Sasa siri ambayo sikumwambia mtu siku ile: nilipomjibu kwamba inapaa, ilikuwa haijapaa. Ilikuwa haijawahi kuacha ardhi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda uwanja wa mpira alfajiri, na hasira. Mtu mwenye hasira asishike rimoti. Niliongeza nguvu, mapanga yakafikia mwendo, miguu ikawa myepesi, ikainuka kama goti hivi. Kisha pua ikatazama mbinguni na ikaanza kunirudia kinyumenyume. Nilisukuma kijiti cha rimoti mbele mpaka mwisho, haikusikia. Mkia ukagusa nyasi, mwili ukaruka, na mapanga yakashuka yakaukata mkia wa helikopta yenyewe kama muwa. Kipande cha nyuma kilianguka hatua tatu kutoka kwa golikipa mmoja aliyekuwa anafunga viatu. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa zile hatua tatu. Usizichukulie helikopta hizi kama kichezeo: kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, ncha ya panga la saizi yangu inakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Simama mbali, hatua kumi na tano, na watoto nyuma yako.

Nilibeba vipande kwa fundi anayepima dhahabu na fedha pale mjini, nikamwomba mizani yake. Mwili peke yake: gramu 410. Niliomba apime tena. Rangi, gundi, ule ubao mgumu wa mkiani. Na mkia ndio ulioniua. Kwenye mashine yangu, kutoka mhimili wa mapanga mpaka mwisho wa mkia ni kama sentimita 40. Kutoka mhimili mpaka puani ni 15 tu. Fanya hesabu ya bembea ya watoto: kila gramu moja ya ziada kule nyuma inadai karibu gramu tatu mbele ili zilingane. Gramu 30 za ulimbukeni mkiani zinataka 80 za madini ya risasi puani, na zote hizo zinabebwa na mota ileile. Tena sisi tuko juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa, na mapanga yanashika hewa, hayashiki bidii yako.

Ndiyo maana nasema nunua mizani. Ya jikoni tu, ile ya kidijitali, inayosoma gramu moja. Kabla ya gundi, kabla ya wembe, kabla ya kuwaambia watu. Kila jioni pima mwili wako uandike ukutani. Ubao mwepesi nyuma, mzito mbele. Na kabla ya kurusha, shika kichwa cha mapanga kwa vidole viwili, uiache ining'inie: kama inainamisha mkia, usiende uwanjani. Ni dakika moja. Mimi dakika ile nilikosa kwa sababu nilikuwa nashindana na jaji ambaye wala hakunikumbuka.

Vijana wetu tunapenda rangi. Nyumba haina msingi tumeshachagua pazia. Mtu anataka picha ya kutuma kabla hajajua kama kitu chake kinasimama, halafu kikianguka analaumu nchi, analaumu bei, analaumu Wazungu. Nasema kwa sababu nilikuwa huyo.

Mwili wa pili ulinichukua miezi mitano. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Badala ya rangi tano nilibandika karatasi ya shashi kwa vanishi nyepesi, nikapuliza rangi tabaka moja ambalo ukilitazama juani unaona mbao ndani. Pua nikaifanya itoke, inashikwa na sumaku nne, ili betri ikae mbele kabisa ifanye kazi ya risasi. Nikatoboa matundu ya hewa chini ya mhimili, mahali JetRanger ya kweli nayo inavutia hewa, kwa sababu kidhibiti mwendo kikifungiwa ndani ya mbao kinachemka na kujizima, na kikijizima hewani hakuna mjadala. Gramu 232. Niliipima mbele ya mama watoto kama shahidi.

Ilipaa Jumamosi wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikaa usawa wa kifua changu, ikitetemeka kidogo tu, kwa dakika nne mpaka kengele ya betri ikalia. Sikuipeleka popote. Niliiacha hapo tu, hewani, nikaitazama. Hiyo ndiyo video aliyoiona kijana.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbale: laki tatu na nusu haitoshi, lakini inatosha kuanza. Usinunue balsa bado. Kwanza ulizia kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuagiza chochote kinachoruka kwa rimoti, na usirushe karibu na kambi. Mimi mtoto wa kambi nakuambia, afande hatakuuliza kuhusu skeli. Halafu jifunze kurusha kwenye kompyuta, kuna programu za mazoezi, uanguke mara mia bila kununua panga. Betri usiiache imejaa ukalala. Mbao zako weka juu ya kabati, si sakafuni, hasa mvua za Machi zikianza, maana balsa inakunywa unyevu na kupinda.

Ramani bado ninayo, ina madoa ya chai lakini inasomeka. Ukija Jinja njoo Jumamosi jioni ulale kwetu, kwa sababu tunatoka saa kumi na mbili. Saa tatu ziwa linaanza kupuliza na hapo hatugusi kitu. Nilikuwa nimesahau: vibanio vya nguo njoo navyo vyako.