Mwanangu, uliponiuliza umechelewa wapi

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa jikoni nachambua maharage. Unasema: "Mama, wewe ukiwa na miaka 28 ulikuwa na kazi, mume, nyumba na watoto wawili. Mimi nina chumba cha kupanga Mbagala na shahada isiyonilisha. Nimechelewa wapi?"

Tuanze na hiyo nyumba. Haikuwa yangu, ilikuwa ya shule. Bati lilivuja juu ya kitanda, na tulipohama tulimwachia mwalimu aliyetufuata pamoja na lile sufuria la kukingia maji. Ila kodi sikulipa, na hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Chumba chako ni elfu sabini kwa mwezi. Mwenye nyumba kataka ya miezi sita, dalali kachukua ya mwezi mmoja: laki nne na tisini imetoka hata godoro hujanunua.

Kazi nayo sikuitafuta. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1986, Daraja la III A, nikarudi nyumbani kushika jembe. Barua ikanifuata huko huko: umepangiwa Ludewa, ripoti Januari. Hakuna aliyenifanyia usaili. Tulikuwa wachache, baba. Darasa langu la saba tulikuwa arobaini na kitu, waliochaguliwa kwenda sekondari ni wawili. Wale wengine hawatajwi watu wanapowalinganisha ninyi na sisi. Mjomba wako anayewaita vijana wavivu aliingizwa kiwandani na babu yako, tena kwa kushikwa mkono, na punguza-punguza ya wafanyakazi ya miaka ya tisini ilipopita akarudi kijijini na begi lake. Muulize alikaa miaka mingapi anacheza bao.

Ninyi milango ya shule ilifunguliwa. Shule ya kata ilikuwa karibu, mkopo wa chuo ukapata, na wenzako wakapata, maelfu kwa maelfu. Sasa mnakutana wote mlango mmoja wa ajira, na hata mwalimu siku hizi anafanya usaili.

Nitakwambia kilichonionyesha ukubwa wa jambo hili. Agosti 1988 mimi nilikuwa karani wa sensa. Nilizunguka vilima vya Ludewa na madodoso ya karatasi, mimba ya dada yako tumboni, na nchi nzima ikaonekana ina watu kama milioni 23. Agosti 2022 ukawa karani wewe, na kishikwambi mkononi, tukahesabiwa 61,741,120. Kwangu ile ilikuwa kazi ya siku chache, nikarudi darasani kwangu. Kwako ndiyo ilikuwa ajira pekee uliyoipata mwaka huo mzima. Kisha vishikwambi vikakusanywa wakagawiwa walimu. Nami nilikuwa mwalimu mstaafu ninayetazama taarifa ya habari, na mwanangu mwenye shahada ya ualimu yuko Kariakoo anauza makava ya simu. Nilizima televisheni.

Ukisema nimechelewa, mimi nakuuliza: umeichelewa barua gani? Haikuandikwa.

Ndoa niliingia na miaka 22. Baba yako nilimpenda, lakini usidhani nilikaa nikachagua wakati. Mwalimu wa kike akikaa kijijini bila mume alisemwa mpaka kisimani. Bibi yako alizaa wanane, mimi nikazaa wanne, na mtoto wa tano nilimkataa mwenyewe kwa kwenda zahanati kufuata uzazi wa mpango bila kuaga. Wala sikuwa peke yangu. Utafiti wa afya wa 1991 na 1992 ulikuta mwanamke wa nchi hii anazaa wastani wa watoto 6.2; wa 2022 ukakuta 4.8. Kwa hiyo ukiniletea wawili tu, au ukiniletea ukiwa na miaka 35, mimi sitakaa kikao cha ukoo.

Ninachokulaumu ni kimoja. Nilipokuja Pasaka niliona miswaki miwili kwenye kikombe na kanga juu ya kamba, nikanyamaza. Sogea tuishi, hii ya kukaa pamoja bila ndoa, naijua, sikuzaliwa jana. Najua pia sababu ni mahari na ukumbi na michango, maana harusi ya Dar imekuwa mradi. Lakini yule binti ana wazazi, na wao hawajui analala wapi. Mimi na baba yako mdogo tutaenda kwao kujitambulisha. Posa haihitaji ukumbi, na mahari hulipwa kidogo kidogo. Ya kwangu ilimalizika dada yako akiwa darasa la pili, na ng'ombe wa mwisho alikuwa mgonjwa.

Nitumie jina la kijiji chao na namba ya mama yake. Jumamosi nampa kondakta kiroba cha viazi na maharage haya, kapokee Mbezi alfajiri. Maharage ni ya huyo binti, usiyauze.

Mama