Maswali ya Wasomaji: Fremu ya Bei Nafuu, na Gharama Zinazoifuata

SWALI: Ndugu Mhariri, nina baiskeli ya milimani ya rimu za inchi 26, yenye shokapu mbele tu, ambayo naipanda kati ya Moshi na Marangu. Fremu yake ya alumini imepata ufa pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu, na fundi wa mtaani yuko tayari kuichomelea. Mimi ni mrefu, kwa hiyo nguzo ya siti nimeivuta karibu yote nje. Magurudumu yenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya milimita 135, shokapu ya milimita 100 yenye shina lililonyooka (bomba linaloingia shingoni mwa fremu), breki za diski na krenki bado ni vizima. Mtandaoni nimeona fremu mpya ya inchi 29 kwa bei nzuri sana. Ninunue hiyo, nitafute ya mtumba, au nichomelee?
Msomaji, Moshi

JIBU: Tuanze na kuchomelea, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usichomelee. Fremu nyingi za alumini hutengenezwa kwa aloi kama 6061, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kandokando ya mshono kila inapochomelewa; kiwandani, baada ya kuungwa, fremu nzima huingizwa kwenye tanuri, ikapozwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa saa kadhaa ili nguvu hizo zirudi. Fundi wa mtaani, hata awe hodari namna gani, hana tanuri hilo, na ufa mwingine utajitokeza kando ya kazi yake, pengine ukiwa katikati ya mteremko.

Ufa huo, hata hivyo, umekujibu jambo ambalo hukuuliza. Kila nguzo ya siti ina alama ya kiasi cha chini kinachopaswa kubaki ndani ya fremu. Ikivutwa kupita alama hiyo, uzito wa mpandaji huelemea ukingo wa juu wa bomba, na bomba hupasuka mahali hasa ulipouona ufa. Yaelekea sana kwamba fremu ilikuwa ndogo kwako tangu siku ya kwanza. Basi, kabla ya kuuliza bei ya fremu yoyote, shika futi ya kupimia, ilaze sambamba na ardhi kutoka katikati ya shingo ya fremu yako, yaani bomba fupi la mbele chini ya usukani, hadi katikati ya nguzo ya siti, uandike urefu huo, kisha utafute fremu inayouzidi kwa sentimita mbili au tatu na yenye bomba la siti refu zaidi. Herufi M na L zilizobandikwa kwenye fremu usizitegemee, maana kila kampuni ina L yake.

Sasa tuje kwenye fremu ya mtandaoni. Fremu nyingi mpya za inchi 29 zina nafasi ya nyuma ya milimita 148, ule mtindo unaoitwa Boost, pamoja na ekseli nene ya milimita 12 inayopenya pande zote mbili, na habu yako ya 135 haina pa kukaa humo. Hata ukiipata yenye nafasi ya 135, kipenyo cha rimu yako ni milimita 559 wakati fremu hiyo ilichorwa kwa rimu ya 622, kwa hiyo krenki itashuka takriban sentimita tatu na pedeli zitakuwa zikigonga mawe na mizizi. Ukiamua kununua magurudumu makubwa, shokapu yako ya inchi 26 haitayapokea, na hapo utaongeza shokapu na tairi. Vitabaki breki, krenki na usukani. Hiyo si fremu ya bei nafuu; ni baiskeli nzima iliyonunuliwa kwa vipande, na kwa vipande huwa ghali zaidi.

Kwa maoni yangu, tafuta fremu ya mtumba ya inchi 26 yenye masikio ya kufungia breki za diski. Kampuni kubwa ziliuhama ukubwa huo miaka ya mwanzo ya 2010, ndiyo maana fremu nzuri za wakati ule huuzwa kwa bei ya chini. Kwenye shingo huna wasiwasi: shina lililonyooka la milimita 28.6 huingia shingo nyembamba moja kwa moja, na shingo pana huikubali kwa pete ya kupunguza. Nguzo ya siti ni suala jingine, kwani nyembamba huweza kuvishwa mkebe, yaani kibomba cha kujaza nafasi, lakini nene haiingii kabisa, na vipimo vya kawaida ni 27.2, 30.9 na 31.6, namba yake imechapwa kwenye nguzo yenyewe.

Ukifika sokoni, usitoe fedha kabla ya kufanya mambo mawili. Kwanza, angalia uzi wa skrubu unaoshika beringi za krenki, hasa upande wa cheni, ambako uzi hukaza kinyume na mazoea. Wengi wameuharibu kwa kuufungua kwa nguvu wakielekea upande usio wake. Pili, funga uzi wa kushonea kwenye sikio moja la nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, uuzungushe shingoni, uurudishe hadi sikio la pili, uukaze, kisha upime nafasi kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Pande zikitofautiana kwa zaidi ya milimita mbili, fremu imepinda. Na rangi ikiwa imekunjamana chini ya bomba la chini, karibu na shingo, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele: iache.

SWALI: Mimi ninaishi Mombasa. Je, fremu ya chuma itadumu kwenye hewa ya chumvi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Itadumu ukiitunza kwa ndani, kwa sababu kutu ya hatari ni ile usiyoiona. Toa nguzo ya siti, miminia mafuta mazito, igeuzegeuze fremu hadi yafike kwenye mabomba yote, kisha uache yanayozidi yatoke. Nguzo ya alumini ipake grisi kila baada ya miezi michache, vinginevyo itagandana na chuma na hutaitoa tena ila kwa msumeno. Faida yake ni kwamba chuma kikipata ufa, kuchomelea kunawezekana, jambo ambalo msomaji wetu wa Moshi hana.